Kosa Huna, Deni Unalo

Mteja wa New York akimaliza chakula cha jioni na kukumbuka kikoi alichoagiza, Mombasa ni saa tisa usiku. Ndiyo maana malalamiko mimi nayakuta alfajiri, simu ikiwashwa tu: "Nimengoja wiki tano. Sijaona kitu. Naomba unirudishie pesa zangu." Maneno hayo hayana tusi, na aliyeyaandika ana haki nayo. Alilipa, akangoja, hakupata. Muuzaji anatakiwa ajue la kumjibu, na jibu hilo alipaswa kuwa nalo tangu siku aliyofunga kifurushi.

Mimi nauza vikoi, leso na makubadhi ya ngozi. Nguo nazichukua Biashara Street hapa Mombasa, makubadhi kwa mafundi ninaowajua kwa majina, na vifurushi navipeleka Posta ya Digo Road. Wanunuzi wangu wako Ujerumani, Uingereza, Marekani, Kanada na Muscat. Wengine ni watu wetu waliohamia huko, wanataka leso za harusi ya binti yao. Wengine walipita Lamu wakiwa watalii wakaondoka na hamu ya kikoi kizuri. Wengi hulipa kwa PayPal, na tangu 2018 mtu wa Kenya anaweza kuzitoa pesa hizo akazipokea kwenye M-Pesa. Urahisi huo umewaingiza vijana wengi katika biashara hii. Simu inatosha, na picha nzuri, na fundi mwaminifu. Kinachowatoa sokoni mara nyingi ni kifurushi kimoja au viwili vilivyochelewa, na muuzaji asiyejua afanye nini mteja anapodai.

Kijana mmoja wa Malindi anayeuza vinyago alinipigia simu akiwa amekasirika. Mteja wake wa Ufaransa alikuwa amefungua dai, na pesa zimezuiwa.

"Shangazi," akaniambia, "mimi nilipeleka posta siku ya pili tu baada ya kulipwa. Risiti ninayo. Ndege sikuichelewesha mimi. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Mwanangu," nikamjibu, "kosa huna. Deni unalo."

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu naona wauzaji wengi wanalichanganya. Wanatafuta nani mkosaji, na wakishajiona hawana hatia wanaona hawana la kulipa. Lakini mteja hakufanya mkataba na posta, wala na shirika la ndege, wala na forodha ya nchi yake. Alifanya mkataba na wewe. Mpaka kifurushi kiingie mikononi mwake, mzigo ule ni wako.

Kifurushi hukwama wapi

Ili umjibu mteja vizuri, lazima uijue njia ya kifurushi. Posta ikikipokea kifurushi chenye kufuatiliwa, hukipa namba ambayo mtindo wake ni mmoja dunia nzima, uliowekwa na Umoja wa Posta Duniani, shirika lililoundwa mwaka 1874 na lenye makao yake Bern, Uswisi. Ni herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Kikitoka Kenya mwisho wake ni KE, kikitoka Tanzania ni TZ. Herufi ya kwanza inaeleza aina ya huduma: E ni EMS, ile ya haraka, C ni kifurushi cha kawaida, R ni barua au kipakiti kilichosajiliwa. Mteja akiijua namba hii anaweza kuifuatilia kwa posta ya kwao, na mara nyingi taarifa za huko ni nyingi kuliko za kwetu.

Kutoka Mombasa kifurushi huenda Nairobi, kikakaguliwa na kuingizwa katika mfuko wa barua za nchi kinakokwenda. Kikishaandikwa kuwa kimeondoka, huja kipindi cha kimya. Namba haionyeshi kitu mpaka kisomwe tena nchi ya pili. Mteja anayeangalia simu yake kila siku huona neno lilelile la kuondoka Nairobi, akaamini kimepotea. Mara nyingi hakijapotea. Kiko katika mfuko, kinangoja nafasi ya ndege au kinangoja kufunguliwa.

Nafasi ya ndege ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Barua na vifurushi vya posta husafiri kwa wingi katika matumbo ya ndege za abiria. Kenya iliposimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020 kwa sababu ya korona, njia hiyo ilibanwa kwa ghafla, na safari hizo hazikurejea mpaka tarehe 1 Agosti. Mteja wa Hamburg aliyeagiza makubadhi mwezi Machi hakuwa na namna ya kujua kwamba viatu vyake vilikuwa vinangoja abiria waruhusiwe kuruka.

Baada ya ndege ni forodha. Kila kifurushi chenye bidhaa hubandikwa karatasi ya forodha: CN22 kwa vya thamani ndogo, CN23 kwa vya thamani kubwa zaidi. Humo unaandika ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, kina uzito gani na thamani gani. "Nguo" peke yake haitoshi. Andika "kikoi, kitambaa cha pamba, kipande 1", na namba ya forodha ya bidhaa hiyo kama unaijua. Siku hizi taarifa hizi hutakiwa zitangulie kwa kompyuta kabla kifurushi chenyewe hakijafika, na maelezo mabovu yanaweza kukiweka kando kwa muda mrefu. Wako wateja wanaoomba uandike "zawadi" ili wasitozwe kodi. Mimi hukataa kwa adabu. Ni uongo kwa serikali, na kifurushi kikipotea huwezi kudai thamani ambayo wewe mwenyewe uliificha.

Kisha kuna kodi zenyewe, ambazo zimebadilika sana miaka hii michache. Uingereza iliondoa msamaha wa kodi kwa vitu vidogo kutoka nje mwanzoni mwa 2021. Umoja wa Ulaya ukafuata tarehe 1 Julai mwaka huohuo, ukafuta msamaha wa vitu vya thamani isiyozidi yuro 22. Tangu hapo mteja wa Berlin anaweza kuletewa karatasi ya kudaiwa kodi pamoja na ada ya kuishughulikia, na asipolipa kifurushi hurudi kwako kwa safari ndefu kuliko ile ya kwenda.

Marekani nayo, tangu 2016, ilikuwa ikiruhusu kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ukaondolewa kwa nchi zote. Posta nyingi hazikuwa na njia ya kuukusanya ushuru kabla mzigo haujaondoka, na mashirika 88 ya posta yaliuarifu Umoja wa Posta Duniani kwamba yamesimamisha baadhi ya huduma zao au zote kwenda Marekani. Umoja huo ulisema kwamba siku ile ya tarehe 29 mizigo ya posta iliyokwenda huko ilipungua kwa asilimia 81 ikilinganishwa na wiki moja kabla. Wateja wangu wa Marekani waliokuwa na vifurushi njiani niliwaandikia mmoja mmoja kabla hawajaniuliza, nikawaeleza kilichotokea na kuwapa hiari ya kungoja au kurudishiwa. Waliotaka pesa zao walizipata. Waliongoja bado ni wateja wangu.

Mwisho kabisa ni mlangoni. Ujerumani, mletaji akikukosa nyumbani anaweza kumwachia jirani, au akaacha kikaratasi cha kukuelekeza tawi la karibu, na huko kifurushi hukaa siku saba za kazi kisha kikarudishwa kilikotoka. Ninavyojua mimi, vifurushi vingi vinavyoitwa vilivyopotea viko kwa jirani wa ghorofa ya chini.

Sheria inakuweka wapi

Kijana wa Malindi hakuwa anabuni hoja yake hewani. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, iliyotokana na sheria ya zamani ya Kiingereza, inasema kwamba muuzaji akimkabidhi msafirishaji bidhaa ili zimfikie mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Hiyo ni sheria ya wafanyabiashara waliokuwa wakipakia magunia melini. Haikumfikiria mama wa Leeds anayenunua kikoi kimoja kwa simu.

Huyo wa Leeds ana sheria nyingine kichwani. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inasema bidhaa zifike ndani ya siku 30 kama hamkukubaliana vinginevyo, na kwamba hatari ya kupotea inabaki kwa muuzaji mpaka mnunuzi azishike. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji lina kanuni hizohizo: siku 30, na zikipita mnunuzi anaweza kumpa muuzaji muda mwingine unaofaa, ukipita nao bila bidhaa anavunja mkataba na kurudishiwa pesa zote. Marekani ina kanuni iliyotolewa 1975 kwa biashara ya kuagiza kwa barua na baadaye ikapanuliwa hadi intaneti: muuzaji asipotaja muda, lazima awe na sababu ya kuamini kwamba ataituma bidhaa ndani ya siku 30, na akiona atachelewa amwarifu mnunuzi na kumpa nafasi ya kufuta.

Muuzaji mdogo wa Mombasa hatapelekwa mahakamani Leeds kwa sababu ya kikoi. Lakini mteja amekulia katika kanuni hizo, na mitandao ya mauzo na kampuni za malipo zimejengwa juu yake. Nyumbani pia mambo yamesogea: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012, yenye sehemu maalumu ya mikataba ya intaneti. Maneno mawili ya kushika ni haya: "mkikubaliana vinginevyo". Siku 30 ni za asiyesema. Ukiandika wazi kwenye tangazo kwamba kifurushi huchukua hadi siku 45, na mteja akanunua akijua, umejipa nafasi ya kupumua kwa haki kabisa.

Saa inayohesabu

Mteja akishafungua dai, kuna saa inayohesabu, na wengi hushindwa kwa sababu hawaijui inavyokwenda.

Kwa PayPal, mnunuzi ana siku 180 tangu alipolipa kufungua mzozo kwamba hakupokea bidhaa. Mzozo ukifunguliwa, nyinyi wawili mna hadi siku 20 za kuzungumza. Ndani ya siku hizo yeyote kati yenu anaweza kuupandisha uwe dai, na hapo kampuni yenyewe inaamua. Kwa kawaida muuzaji hupewa siku 10 za kujibu. Asipojibu, mnunuzi hurudishiwa pesa. Wakati huo wote pesa ya mauzo yale huwa imezuiwa kwenye akaunti.

Kinachomwokoa muuzaji ni uthibitisho kwamba kifurushi kilifika kwenye anwani ileile iliyoandikwa katika malipo. Angalia maneno hayo vizuri. Mteja akilipa kwa anwani ya Boston kisha akakuandikia pembeni, "Nitumie kwa dada yangu Chicago," ukimtii umeupoteza ulinzi wako. Mrudishie malipo, umwombe alipe upya kwa anwani ya Chicago. Kwa malipo ya dola 750 na kuendelea huhitajika na sahihi ya aliyepokea.

Kwa eBay mnunuzi anaweza kulalamika tarehe iliyokadiriwa ikishapita, mpaka siku 30 baada yake, na muuzaji ana siku tatu za kazi za kutatua kabla mnunuzi hajaomba eBay iingilie. Aliyelipa kwa kadi ana mlango mwingine tena, wa kwenda kwa benki yake na kuomba malipo yatenguliwe, na kwa kawaida ana miezi kadhaa ya kufanya hivyo. Mlango huo ndio mbaya zaidi kwako, kwa sababu benki mara nyingi huambatanisha ada ambayo hutarudishiwa.

Upande wa posta saa ni nyingine. Mtumaji ana miezi sita, kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, kuomba kifurushi kitafutwe. Kwa kawaida ni mtumaji anayefungua ombi hilo, kwa hiyo usimwambie mteja aende akaulize yeye. Fidia ya posta, ikipatikana, ni ya kupotea, kuibwa au kuharibika, na ina kikomo chake. Kuchelewa kwa kifurushi cha kawaida hakulipwi. Basi usijenge hesabu yako juu ya fidia ambayo huenda isije.

Kutokana na saa hizo zote nimejiwekea kanuni: risiti ya posta, nakala ya karatasi ya forodha na picha ya kifurushi ikionyesha anwani huzihifadhi hadi miezi sita ipite. Hakuna karatasi ninayoitupa kabla ya hapo.

Ninavyomjibu mteja

Jibu la kwanza hutoka siku ileile ninapousoma ujumbe, hata kama sina habari mpya. Naandika kwa Kiingereza chepesi. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Habari za asubuhi. Kifurushi chako kiliondoka Nairobi tarehe 4 na bado hakijaandikishwa kuingia Ujerumani. Namba yake ni hii hapa, na picha ya risiti nimeiambatisha. Nilikuahidi kitafika kabla ya tarehe 30. Tarehe hiyo ikipita, uchague moja: nikurudishie pesa zote pamoja na za usafirishaji, au tungoje hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ukichagua kungoja na kisifike, nitakurudishia siku hiyo bila wewe kuniandikia tena. Samahani kwa usumbufu."

Kila sentensi ina kazi. Ya namba na risiti inamwonyesha kwamba kifurushi kipo na kilitumwa. Ya tarehe 30 inamkumbusha ahadi, kwa sababu wapo wanaolalamika siku hazijaisha, na hao wakikumbushwa kwa upole hutulia. Ya hiari inamrudishia uamuzi. Ile ya mwisho kabla ya samahani ndiyo nzito kuliko zote, kwani inamwondolea kazi ya kunifuatilia. Mtu akishajua kwamba pesa yake itarudi siku fulani bila kugombana, mara nyingi huchagua kungoja.

Nina jambo la kuwaambia wauzaji wenzangu bila kuzunguka. Wapo wanaomwambia mteja, "Ngoja kidogo, kinakuja," wiki baada ya wiki, mpaka siku 180 zinapita na hana tena pa kudai. Wapo wanaomwomba afunge mzozo kwanza ndipo wamlipe, wakijua kwamba mzozo ukishafungwa haufunguliwi tena. Huo ni wizi. Haijalishi kwamba mwenye kuibiwa ni mtu wa mbali mwenye pesa nyingi kuliko wewe. Na madhara yake hayaishii kwako: mnunuzi aliyefanyiwa hivyo na muuzaji mmoja wa Mombasa hatamwamini tena muuzaji mwingine wa Mombasa.

Tarehe ya mwisho ikifika, rudisha. Dawa ya deni ni kulipa. Rudisha pesa kupitia muamala uleule aliolipia, kwa kitufe cha kurudisha kilichomo humo. Mteja akikuambia umtumie kwa njia nyingine, kwa simu ya jamaa yake au akaunti tofauti, kataa. Malipo ya pembeni hayafuti dai, na unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Rudisha na pesa ya usafirishaji pia. Hakuletewa, kwa nini alipie kuletewa?

Na kifurushi kikifika baada ya kurudisha? Hutokea. Namwandikia kwamba namba inaonyesha amekipokea, nimefurahi, na kwamba akipenda kukibakisha nitamtumia ankara upya. Simtishi wala simwiti mwizi. Wateja wangu wengi waliofikiwa na hali hiyo wamelipa, na baadhi yao wakaagiza tena siku hiyohiyo.

Hesabu ya kurudisha

Najua muuzaji mdogo anachowaza hapa: "Nikirudisha hivi nitakula nini?" Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme mteja amelipa dola 70. Kikoi na makubadhi vimekugharimu 28, usafirishaji 25, ada ya malipo 4. Faida yako ni 13. Ukirudisha zote 70 na mzigo umepotea, hasara yako ni 57, kwa sababu ada ile ya kupokea malipo haikurudii. Vifurushi vinne vya faida ya 13 havitoshi kuziba shimo hilo. Unahitaji cha tano.

Ndiyo maana hasara ya njiani lazima iwe ndani ya bei tangu mwanzo. Ukitenga dola 3 katika kila kifurushi na kuziweka mahali usipozigusa, kila vifurushi 19 vimekusanya 57, yaani vimeshalipia kimoja kitakachopotea. Anayepoteza kimoja katika kila kumi atenge mara mbili ya hapo, au aitazame upya njia anayotumia. Mfuko huo ukiwepo, siku ya kurudisha unatoa pesa iliyokuwa ikingoja kazi hiyo. Usipokuwepo, unamrudishia mteja wa Toronto ada ya shule ya mwanao, na hapo ndipo watu hushawishika kunyamaza.

Njia ya pili ya kupunguza hasara ni kumpa mteja uchaguzi kabla hajalipa: posta ya kawaida kwa bei nafuu na muda mrefu, EMS kwa bei ya kati, kampuni ya haraka kwa bei kubwa na siku chache. Kila njia iwe na siku yake ya mwisho imeandikwa. Siku hiyo isitokane na kifurushi chako kilichokwenda haraka kuliko vyote. Chukua kilichochelewa zaidi kikafika, uongeze wiki moja. Kuanzia Novemba hadi Januari ongeza nyingine, kwa sababu ya Krismasi. Neno "kwa kawaida hufika wiki tatu" mteja hulisoma kuwa ni wiki tatu, basi liache, uandike tarehe.

Wadanganyifu nao wapo

Kuna wanunuzi wanaopokea na kusema hawakupokea. Wapo, lakini muuzaji aliyeumwa mara moja huanza kumwona kila mlalamikaji kuwa mmoja wao, na hilo humharibia biashara kuliko wao wenyewe. Namba ikionyesha kimefika, mwombe aulize jirani, bawabu na tawi la posta la mtaani kwake, umpe siku chache. Asipokiona na akaendelea kudai, peleka uthibitisho wa kufika mahali panapoamua, kwa utulivu, bila maneno makali. Ukiwa na karatasi zako una nafasi nzuri. Namba ikiwa haionyeshi kufika, hata ukimshuku, mlipe. Huna ushahidi, na ahadi uliitoa wewe.

Haya hayahusu wanaouza nje ya nchi peke yao. Dada wa Kariakoo anayekusanya oda za mikoba kutoka Guangzhou, kaka wa Eastleigh anayeagizia watu simu kutoka Dubai, nao wanachukua pesa leo kwa mzigo utakaokuja siku zijazo. Meli ikichelewa, wengine huzima simu. Mteja wao ni jirani, wanakutana naye msibani na harusini, na hana kitufe cha kufungulia mzozo. Deni ni lilelile, na kwa huyo asiye na pa kushtaki ndilo zito zaidi.

Kwa hiyo, ewe unayeuza kwa simu, kabla hujabandika picha nyingine ya bidhaa, rudi kwenye matangazo uliyonayo uandike mambo matatu chini ya kila moja: siku ya mwisho mzigo utakapofika, kwamba siku hiyo ikipita mteja atarudishiwa pesa zote, na atarudishiwa kwa njia gani. Kisha anza kutenga zile dola chache leo. Nawe unayenunua, soma maneno hayo kabla ya kulipa, na usipoyaona, uliza. Muuzaji asiyetaka kuyaandika usimpe pesa yako.